Kama Mungu Anatupenda Bure, Mbona Anawapinga Wenye Kiburi?

Kuna mistari miwili ya Biblia ambayo Mkristo wa Mwanza anaweza kuisikia katika ibada moja, pengine katika mahubiri yale yale, asipate mtu wa kumwonyesha inapatanaje. Wa kwanza ni Yakobo 4:6: "Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu." Wa pili ni Warumi 5:8, pale Paulo anaposema kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Ukiisoma haraka haraka, inagongana. Mwenye kiburi naye ni mwenye dhambi kama wengine. Ikiwa Mungu alimpenda akiwa bado dhambini, inakuwaje tena ampinge? Na ikiwa anampinga, huo upendo usio na masharti uko wapi?

Swali hili haliishii seminari. Linaulizwa kwenye jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, kwenye vipindi vya Biblia vya Kanisa la AICT (Africa Inland), na baada ya mikutano ya injili kwenye viwanja vya Furahisha, watu wakiwa wanarudi nyumbani kwa miguu. Wanaoshika mstari wa kwanza peke yake huishi kwa hofu, kila baya likiwapata wanahisi Mungu amewakomesha. Wanaoshika wa pili peke yake huamua kwamba, maadamu Mungu ni upendo, mtu aishi apendavyo. Ninaona wote wamepitwa na jambo moja, na ndilo ninalotaka kulifafanua hapa: kiburi, jinsi Biblia inavyokieleza, ni kukataa kupewa. Mtu wa namna hiyo akifikiwa na upendo wa bure, upendo wenyewe humjia kama upinzani.

Kwanza tuondoe kisicho kiburi

Nianze na hili kwa sababu limeumiza watu wengi. Fundi anayeunda mitumbwi na kusema kwa kinywa kipana kwamba chombo chake hakivuji hana kiburi, anaijua kazi yake. Mama anayeanika dagaa na kukataa bei ya kunyonywa hana kiburi. Mjane anayekataa kufukuzwa na mashemeji kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe hana kiburi hata kidogo, na mtumishi wa Mungu anayemwambia "nyenyekea, mwachie Mungu" huku wengine wanabeba mabati yake amelitumia vibaya neno takatifu. Unyenyekevu wa Kikristo haujawahi kuwa ruhusa ya mwenye nguvu kumkanyaga asiye nazo.

Bikira Maria anasema waziwazi katika Luka 1:48 kwamba tangu sasa vizazi vyote vitamwita mbarikiwa. Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 15:10 kwamba alifanya kazi kuwazidi mitume wote, kisha anaongeza kwamba si yeye, ni neema ya Mungu pamoja naye. Hakuna kati yao anayejishusha kwa kusema uongo. Wote wanakiri makubwa waliyo nayo, na wote wanajua yalikotoka.

Vilevile umbo la nje halitoshi kutuambia chochote. Usukumani binti hupiga goti akimwamkia mkubwa, na ni adabu nzuri, mimi naipenda. Lakini kila aliyelelewa kwenye mila hiyo anajua kwamba mtu anaweza kupiga goti huku moyo umesimama wima. Kanisani pia tunapiga magoti.

Kiburi chenyewe basi ni nini? Aliyelifanyia kazi swali hili kuliko wengi ni Augustino wa Hippo, aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, Mwafrika wa kaskazini, ambaye jina lake wakazi wa Malimbe wanaliona kila siku kwenye lango la chuo kikuu cha SAUT, yaani cha Mtakatifu Augustino. Alifundisha kwamba kiburi ni kutamani ukuu uliopotoka: nafsi inamwacha Yule iliyepaswa kushikamana naye, inataka kuwa msingi wake yenyewe. Angalia Mwanzo 3 kwa jicho hilo. Nyoka anamwahidi Hawa kwamba wakila watakuwa kama Mungu. Lakini sura mbili nyuma tumeshaambiwa kwamba Mungu aliwaumba kwa mfano wake. Walichojaribu kunyakua kwa mkono wao walikuwa wameshapewa. Dhambi ya kwanza, kwa usomaji huu, ilikuwa kugeuza zawadi iwe mali ya kujipatia.

Paulo anaibana hoja hiyo hiyo katika swali moja kwa Wakristo wa Korintho waliokuwa wakishindana nani ana mwalimu bora: "Nawe una nini usichokipokea?" Jaribu kulijibu kwa uaminifu. Akili? Ulizaliwa nayo. Bidii? Kuna aliyekulea mpaka ukaijua, na kuna afya iliyokuwezesha kuamka. Hata pumzi ya kujisifia umepewa.

Upendo unaoanza bila sababu

Tugeukie upande wa pili. Maneno "upendo usio na masharti" hayamo katika Biblia kama yalivyo. Ni muhtasari wa waalimu, na kama muhtasari wowote yanaweza kupotosha. Kinachomo ni maelezo ya upendo huo ulikoanzia, na mahali pazuri pa kuyasoma ni Kumbukumbu la Torati 7:7-8. Musa anawaambia Waisraeli kwamba Mungu hakuwachagua kwa kuwa walikuwa wengi, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Basi kwa nini? Kwa sababu Bwana anawapenda, na kwa sababu ya kiapo alichowaapia baba zao. Jibu linazunguka na kurudi palepale: anawapenda kwa sababu anawapenda. Mtu anayetafuta sifa ndani yake iliyomvutia Mungu hataiona humo.

Sisi wanadamu tunapenda kwa kuvutwa. Tunakutana na uzuri, wema, ucheshi au damu moja, halafu moyo unaenda. Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa Wakatoliki katika karne ya 13, alieleza kwamba kwa Mungu mwendo ni kinyume: upendo wake ndio unaoumba na kutia wema ndani ya vitu. Miaka zaidi ya 240 baada ya kifo chake, mwaka 1518 kule Heidelberg, Martin Luther, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, aliandika katika hoja zake kwamba upendo wa Mungu haukuti kinachoupendeza, unakiumba, ilhali upendo wa mwanadamu huzaliwa na kile unachokikuta. Watu hawa wawili wanatajwa kama wapinzani, na katika mengi kweli Luther aliwapiga vita wanafunzi wa Thomas. Katika hili wanasikika kama ndugu.

Ukilielewa hilo, "bila masharti" inaeleweka vizuri zaidi. Sharti ni kitu kinachotangulia: lete hiki, nikupe kile. Mbele ya upendo wa Mungu hakuna kinachotangulia, kwa kuwa hata wewe wa kuleta hicho kitu usingekuwapo bila upendo huo.

Kanisa halikufika hapo bila ugomvi. Mwanzoni mwa karne ya 5 mtawa mmoja kutoka Uingereza, Pelagio, alifundisha kwamba mwanadamu kwa hiari yake ana uwezo wa kushika amri zote akiamua. Nia yake haikuwa mbaya, alichoshwa na Wakristo wavivu wa Roma waliojificha nyuma ya udhaifu. Augustino aliona hatari yake: kama naweza kufika mwenyewe, basi msalaba ni msaada wa ziada tu, na mbinguni patajaa watu wanaojipongeza. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, ulikataa mafundisho ya Pelagio. Kwa hiyo mjadala huu mkubwa wa neema ulipiganiwa kwenye ardhi ya Afrika, jambo ambalo vijana wetu wanaoambiwa Ukristo ni dini ya kuletwa wangefaa kulijua.

Ugomvi uliibuka tena wakati wa Luther na ukaligawa Kanisa. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo na si kwa kustahili kokote ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu anatupa uwezo wa kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Mwanza ina makao ya Jimbo Kuu Katoliki na ya dayosisi ya KKKT, kanisa la Walutheri, na waumini wao wanazikana, wanaoana na kupanda daladala moja. Ni wachache mno nimewasikia wakisema wanajua kwamba makanisa yao yalishakubaliana juu ya hili.

Kwa nini wema unamkera mwenye kiburi

Sasa tufungue fundo lenyewe. Mungu anampingaje anayempenda?

Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba alfajiri, vyombo vinapotia nanga vikitoka visiwani. Makuli wamejipanga gatini wakisubiri kuitwa. Magunia ya dagaa yanashuka mgongoni mwa watu, kayabo inapangwa juu ya turubai, wachuuzi wanapigiana kelele juu ya mizani, na chumvi ya jasho inawaandika makuli mgongoni kabla jua halijapanda. Wenye nguvu wanachukuliwa kwanza. Ikifika saa nne, waliobaki kwenye kivuli ni wazee, wagonjwa, na mmoja mwenye mguu mbaya ambaye kila tajiri anamruka kwa macho. Fikiria tajiri anayerudi jioni, saa moja tu kabla ya kufunga kazi, akamchukua huyo mwenye mguu mbaya, na wakati wa malipo akampa sawa na waliobeba tangu alfajiri. Unajua kitakachotokea. Maneno yatakuwa makali.

Huo ndio mfano wa Mathayo 20, ukiweka shamba la mizabibu mahali pa Mwaloni na dinari moja, ujira wa kawaida wa siku, mahali pa shilingi. Tunaousikiliza mara nyingi tunabaki kwenye hesabu: ni haki, si haki? Lakini sikiliza malalamiko yenyewe. Wa alfajiri hawasemi wamepunjwa, maana walipata walichopatana. Wanasema: "umewasawazisha na sisi." Kilichowauma ni usawa. Asubuhi dinari ile ile ilikuwa habari njema, jioni imekuwa tusi, na kitu pekee kilichobadilika ni kwamba mwingine naye ameipata.

Ndipo tunapoona upinzani wa Mungu ukoje. Mwenye shamba hajawapiga wa alfajiri, hajawakata malipo, hajawaambia wasirudi kesho. Alichokataa ni kugeuza wema wake uwe mshahara. Kiburi kinaishi kwa tofauti: mimi juu, yule chini, na cheti kinachothibitisha hivyo. Mungu anapokataa kukiandika cheti hicho, mwenye kiburi anahisi amepigwa ngumi. Na neno analoitwa wakati wa kukataliwa ni "rafiki".

Luka 15 inakwenda mbali zaidi. Wote tunamjua mwana mpotevu, wachache wanakaa na kaka yake. Yule kijana hakuondoka nyumbani, hakuponda mali, na siku ndugu yake aliporudi alisimama nje akakataa kuingia kwenye sherehe. Maneno yake ni ya mtu anayesoma daftari: miaka mingapi nimekutumikia, sijavunja amri yako, hujanipa hata mwana-mbuzi. Ameishi kwa baba yake miaka yote kama kibarua anayedai. Baba naye anafanya nini? Anaacha wageni, anatoka nje kumsihi. Baba mwenye heshima zake, katika jamii ile kama ilivyo katika jamii yetu, hawabembelezi watoto uani wakati watu wanakula. Anamwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Lakini hakubali kumfukuza mdogo wake ili mkubwa aingie. Kumpenda na kumpinga vinatoka katika tendo lile lile la kutoka nje.

Kwa hiyo nikisoma "Mungu huwapinga wajikuzao" sioni Mungu mwenye nyuso mbili. Naona baba aliyesimama uani, ambaye hatabadilisha sherehe iwe malipo kwa ajili ya mtoto yeyote, hata yule aliyebaki.

Kiburi kilichovaa nguo za ibada

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na watu wa dini ndio tunaohusika zaidi. Mfarisayo wa Luka 18 anaanza sala yake kwa kushukuru. Hajisifu kwamba amejifanya mwenyewe, anamshukuru Mungu kwamba si kama wengine. Lugha yake ni ya neema kabisa. Tatizo linafichuka anapogeuza shingo: "wala kama huyu mtoza ushuru." Shukrani yake inahitaji mtu wa kusimama chini yake.

Ninazungumza na watu wa Mwanza, kwa hiyo nitaje jambo linalotugusa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika hapa, ikachukua mamia ya watu. Wengi wamelala makaburini Igoma. Kuna waliookolewa, na kuna waliokosa safari ile kwa sababu hii au ile. Mtu wa namna hiyo kumshukuru Mungu kwa uhai ni haki yake, nani angemzuia? Lakini nimesikia, na naamini nawe umesikia, ushuhuda unaovuka pale na kusema: Mungu alinizuia kwa sababu ananipenda. Aliye kwenye benchi la nyuma, aliyemzika dada yake Igoma, asikie nini? Kwamba dada yake hakupendwa?

Yesu aliletewa habari inayofanana na hii. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Upendo wa Mungu hausomwi kwenye orodha ya manusura, wala kwenye salio la benki, wala kwenye kiwanja kilichopatikana baada ya kufunga siku kadhaa. Ushuhuda unaosema "nimepewa" ni ibada. Ukianza kusema "nimependelewa", kiburi kimeshakaa kiti cha mbele.

Hilo la sadaka zinazosomwa kwa majina na viwango sitalikalia sana. Mathayo 6:3 iko wazi, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na kipaza sauti kina masikio mengi kuliko mkono.

Kuna sura nyingine ya kiburi inayofanana mno na unyenyekevu. Ni ya mtu anayesema: nilichofanya hakisameheki, Mungu awasamehe wengine, mimi hapana. Usiku wa karamu ya mwisho Petro alikataa kuoshwa miguu. Ilionekana heshima, mwanafunzi kumzuia mwalimu wake asiiname. Yesu alimjibu kwamba asipomwosha hana shirika naye. Kumruhusu Mungu akuhudumie ni jambo linaloudhi, kwa sababu unabaki huna cha kutoa. Anayeshikilia kwamba dhambi yake imeizidi rehema amejiweka katika daraja la pekee, hata kama ni daraja la chini kabisa.

Lakini tafadhali tuwe waangalifu na hoja hii. Si kila anayejidharau ana kiburi kilichogeuzwa. Kuna aliyepigwa tangu utotoni akaambiwa hana thamani mpaka akaamini, na kuna mgonjwa wa sonona ambaye hata kuamka kitandani ni vita. Kumwambia mtu huyo kwamba kukata tamaa kwake ni kiburi ni kumwongezea mzigo. Anahitaji kukaliwa karibu, na mara nyingi anahitaji daktari pia. Hoja ya kiburi ni ya kujipima mwenyewe, si ya kumpimia jirani.

Na zile "kama" za Yesu?

Msomaji makini atapinga: Yesu mwenyewe anaweka masharti. Yohana 15:10, mkizishika amri zangu mtakaa katika pendo langu. Ni kweli, na hatuna haki ya kuruka mstari huo. Ila soma uliotangulia, wa 9: kama vile Baba alivyonipenda mimi, nami nilivyowapenda ninyi, kaeni katika pendo langu. Upendo umeshatolewa. Amri zinahusu kukaa ndani yake. Mtu anaweza kupendwa kikamilifu na bado akaishi nje ya upendo huo, kama yule kaka mkubwa aliyekuwa na vyote na hakufurahia chochote.

Zakayo anaonyesha mpangilio huo vizuri. Yesu anamwita kwa jina akiwa juu ya mti, mbele ya watu wote, na kujialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru huyo hajarudisha hata senti moja. Baadaye ndipo Zakayo anaposimama na kusema nusu ya mali ataitoa kwa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Yesu hakumwambia lipa kwanza. Lakini pia Zakayo hakusema, kwa kuwa nimependwa bure basi nibaki na vya watu. Mfanyabiashara aliyeokoka jana na leo bado ana mizani iliyochezewa hajaingiwa na upendo huo, amesikia habari zake tu. Paulo mwenyewe aliuliza kama tudumu dhambini ili neema izidi, na jibu lake linaanza na neno moja: "Hasha!"

Kupendwa bila masharti, kwa hiyo, hakumaanishi Mungu kukubaliana na kila tunachofanya. Anayekupenda kabla hujabadilika ndiye mwenye sababu kubwa ya kutaka ubadilike, maana hana anachotafuta kwako.

Petro kando ya ziwa

Mtu anayenisaidia zaidi katika jambo hili ni Petro, mvuvi wa ziwa, ambaye wavuvi wetu wa Ukerewe na Kome wangeelewana naye mapema. Kabla ya kukamatwa kwa Yesu alisema kwamba hata wote wakichukizwa, yeye hatachukizwa kamwe. Ona alivyolipima pendo lake: kwa kujilinganisha na wenzake. Saa chache baadaye alimkana mara tatu.

Yohana 21 inamkuta amerudi majini, amekesha na nyavu hazina kitu. Kunakucha, Yesu yuko ufuoni na moto wa makaa, samaki na mkate. Anawalisha kwanza. Kisha anamuuliza Petro kama anampenda kuliko hawa. Ni swali lenye kidonda, linagusa palepale alipojisifu. Petro anajibu: "Naam, Bwana, wewe wajua kuwa nakupenda." Kile kipande cha "kuliko hawa" amekiacha. Anapenda, na hana tena haja ya kumshinda mtu. Hapo ndipo anapewa kazi ya kulisha kondoo.

Usidhani alipona moja kwa moja. Mistari michache mbele, akiwa ametoka kusamehewa, anageuka nyuma, anamwona mwanafunzi mwingine na kuuliza habari zake: na huyu je? Yesu anamwambia hilo halimhusu, yeye amfuate. Na miaka kadhaa baadaye, kama Wagalatia 2 inavyosimulia, Petro yule yule alikuwa Antiokia akila meza moja na Wakristo wasio Wayahudi, mpaka walipofika wageni kutoka kwa Yakobo. Akaogopa, akajitenga, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo alimkabili mbele ya wote. Maneno maarufu kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa imani ya Yesu Kristo, ambayo waalimu wa dini wameyaandikia vitabu vingi mno, yamo katika masimulizi ya ugomvi huo, uliozuka kwa sababu mtu mkubwa wa Kanisa aliona haya kuonekana anakula na watu fulani.